Ukisema Umefuta, Umefanya Nini Hasa?

Hii ndiyo hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye kikao chetu cha madevelopa hapa Dar. Waliokosa ni wengi kuliko waliokuja, na kwa mvua ile na foleni ya Mwenge sina wa kumlaumu, kwa hiyo nimeiandika yote kama nilivyoiongea. Slaidi hamna, hata siku yenyewe projekta iligoma.

Habari za mchana wadau. Wakubwa shikamooni. Wadogo zangu, mambo?

Nianze na mama yangu. Mama ni mweka hazina wa kikoba chao, huu mwaka wa kumi na moja. Ana kaunta buku la kwaya tatu, gamba gumu, amelifunika kwa gazeti halafu juu nailoni, na hilo buku halilali nje ya kabati. Siku moja nipo nyumbani likizo nikamkuta anarekebisha kitu, kuna mwanachama kaandikiwa hisa 5 kumbe siku ile alinunua 3. Mimi kijana wa mjini nikatoa tipeksi kwenye begi nikampa. Aisee, aliniangalia kama nimemletea nyoka sebuleni. Akasema, "Mwanangu, nikipaka hiyo wenzangu watasema nimekula hela zao." Akachukua rula, akapiga mstari mmoja mwekundu juu ya ile 5, mstari mwembamba, 5 bado unaiona vizuri tu, pembeni akaandika 3, akaweka tarehe, akasaini, kesho yake kwenye kikao akamsainisha na katibu.

Sasa niwaulize. Humu ndani nani ana tebo yenye safu ya deleted_at, ile inayoweka tarehe rekodi ilipofutwa? Nyosheni mikono tuone. Naam, karibu wote. Haya, bakisha mkono juu kama unaweza kuniambia leo hii ni nani alifuta, alifuta kwa sababu gani, na hiyo rekodi ilikuwa inasomekaje siku moja kabla. Eeh, mikono inashuka yenyewe. Mama yangu kaishia darasa la saba, hajui hata Excel ni nini, na databesi yake imewashinda zenu. Na yangu pia, nisijitoe.

Nimekuja kuongelea databesi zenye matoleo, zile ambazo kila badiliko linaacha toleo la zamani palepale na kuweka jipya juu yake. Zinaongezeka hizo, na wengi tunaziingia na mazoea ya kufuta tuliyoyazoea kwenye zile za kawaida. Nikisema mazoea ya kufuta namaanisha tipeksi.

Kwanza kabisa tukubaliane kitu kimoja, kwamba kwenye databesi ya matoleo kufuta ni kuandika. Narudia, kufuta ni kuandika. Hutoi kitu, unaongeza taarifa inayosema kuanzia sasa hiki hakipo. Mstari mwekundu.

Mfano ninaoupenda ni OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida tangu 2004. Hapa Dar tunaifahamu kupitia Ramani Huria iliyoanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walizunguka wakichora nyumba, mitaro na njia kwa ajili ya mafuriko, na nina uhakika kuna waliokanyaga matope hayo humu ndani. Chukua nyumba moja bondeni. Kaichora mtu, hilo toleo la 1. Mwingine kasahihisha kona, toleo la 2. Mwingine kaongeza paa ni bati, toleo la 3. Halafu nyumba ikabomolewa kweli, mtu kaenda kuiondoa kwenye ramani. Mnadhani nini kinatokea? Linaandikwa toleo la 4, lina tarehe, lina jina la aliyeondoa, limefungwa kwenye kifurushi cha mabadiliko ambacho mtu anatakiwa aweke maelezo yake, na limewekwa alama kwamba halionekani. Basi. Matoleo 1 hadi 3 yako palepale, ukitaka historia unaisoma. Ukiiomba ile nyumba kwa namba yake seva haikujibu 404, yaani haipatikani, inakujibu 410, yaani ilikuwepo ikaondoka. Na kama mtu alikosea, akabomoa kwenye ramani nyumba ambayo bado watu wanapikia ubwabwa ndani yake, unairudisha kwa namba ileile na inakuwa toleo la 5. Hairudi kuwa la 1. Hilo nalisisitiza maana nimeona mifumo ambayo kitu kikifutwa kikarudishwa kinaanza kuhesabu upya kama mtoto mchanga, maisha yake yote ya nyuma yamekatika, na ukiuliza "mwaka jana Machi hapa palikuwa na nini" inakujibu hapakuwa na kitu. Uongo mtupu. Palikuwa na nyumba.

Na msije mkadhani hili ni jambo geni kwa databesi mnazozitumia kila siku. Postgres ukiiambia DELETE haigusi ile data, inaandika tu kwenye ule mstari namba ya muamala uliofuta, kwenye sehemu inaitwa xmax, na mstari wenyewe unabaki kwenye diski mpaka VACUUM, ule ufagio wake, ipite. Tena Postgres ya zamani ilikuwa na uwezo wa kurudi nyuma ya wakati, unaiuliza hali ya data ilivyokuwa tarehe fulani inakujibu, waliutoa mwaka 1997 kwenye toleo la 6.2. Wenyewe walikuwa na sababu zao, mimi binafsi huwa naumia nikikumbuka.

Git je, ile inayotunza matoleo yote ya programu tunazoandika? Kila mtu hapa anajua Git. Kuna dogo tulikuwa naye kazini, mzuri sana, akapandisha faili lenye nywila ya databesi. Akashtuka, akafuta lile faili, akaweka komiti mpya, yaani toleo jipya, imeandikwa "nimefuta nywila". Yaani kaweka na kibao cha kuelekeza wezi pa kuchimba! Ukirudi komiti moja nyuma nywila hii hapa. Dawa ilikuwa kubadilisha nywila siku ileile, kusafisha historia kunakuja baadaye. Dogo alijua Git kuliko mimi, ila neno "futa" lilimdanganya, na hilo neno nitalirudia.

Haya. La pili, na hili nimelipia.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza apu ya kupokea kahawa kwa chama kimoja cha msingi, jina nalibakiza mfukoni. Makarani wanne, simu nne. Huko mlimani mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, kwa hiyo simu inaandika kwanza ndani yake halafu ikipata mtandao inasinki na seva. Mkulima mmoja akasajiliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa jina la kwenye kitambulisho, mara ya pili kwa jina la utani ambalo ndilo kijiji kizima kinamjua nalo. Kilo zake zikagawanyika. Mimi nikaingia kwenye seva usiku, nikahamishia kilo zote kwenye akaunti moja, ile ya pili nikaifuta. Nikafuta kweli kweli, DELETE, safi, haikubaki hata harufu. Nikalala usingizi mzuri.

Simu tatu zikashusha orodha mpya, sawa. Karani wa nne alikuwa amefiwa, simu yake imekaa kwenye droo wiki tatu. Akarudi, akaiwasha, ikakuta ina risiti moja ya yule mkulima ambayo ilikuwa haijapanda. Ikaiuliza seva, huyu mtu unaye? Seva ikajibu simjui, sijawahi kumsikia. Simu ikasema basi mpokee, ikampandisha na risiti zake zote alizokuwa nazo, zilezile ambazo mimi nilishazihamishia kwenye akaunti nyingine. Mkulima akafufuka. Malipo ya pili yakatoka mara mbili. Mnajua tuligunduaje? Siyo kwa ripoti, siyo kwa programu ya ukaguzi. Mzee mwenyewe alikuja ofisini na bahasha mkononi, akaiweka mezani, akasema, "Vijana, mmenizidishia." Nilitamani ardhi ipasuke.

Kosa langu lilikuwa wapi? Seva yangu haikuweza kutofautisha "sijawahi kumwona" na "nilikuwa naye, nikamwondoa". Ni vitu viwili tofauti kama mtu asiyezaliwa na marehemu. Marehemu ana kaburi, unaweza kwenda kulionyesha. Na ndiyo maana watu wa databesi hizi ile alama ya kufutwa wanaiita jiwe la kaburi. CouchDB, moja ya databesi hizo, ukifuta hati inaandika toleo jipya lenye alama kwamba imefutwa, na hilo toleo linasambazwa kwa kila nakala kama habari nyingine yoyote. Ukiiomba hati hiyo baadaye inakuambia haikupata, lakini na sababu inakutajia, kama ni kukosekana au ni kufutwa. CouchDB hiyohiyo ndiyo iko chini ya mifumo mingi ya wahudumu wa afya ya jamii Kenya na Uganda, watu wanaotembea na simu vijijini siku nzima bila mtandao, ndiyo maana nasema siyo hadithi za Marekani hizi.

Sasa swali linakuja, hilo kaburi likae muda gani? Maana makaburi nayo yanajaza uwanja. Cassandra, databesi nyingine inayokaa kwenye seva nyingi kwa pamoja, wameweka sekunde 864,000, yaani siku 10. Ndani ya siku 10 kila seva inatakiwa iwe imepata taarifa ya msiba, baada ya hapo kaburi linaweza kusawazishwa. Kama kuna seva ilizimika siku 11 halafu ikarudi bila kufanyiwa marekebisho, inaleta data ya zamani na wenzake hawana tena ushahidi kwamba ilikufa. Zombi. Wenyewe kabisa wanaziita zombi.

Kwa hiyo usichukue siku 10 kwa sababu zimekuja na boksi. Jiulize kifaa chako kinachokawia kuliko vyote kinakawia kiasi gani. Kwetu sisi karani anaweza kufiwa, anaweza kujifungua, simu inaweza kupelekwa kwa fundi ikarudi baada ya msimu. Tukaamua makaburi yakae msimu mzima wa kahawa, na simu yoyote ambayo haijaonekana siku 60 haipandishi kitu mpaka mtu aangalie kwa macho. Makarani walilalamika. Nikawaambia mlalamikieni mzee wa bahasha.

Kuna na lile la wawili kugongana, mmoja kafuta, mwenzake kule porini bila kujua kamsahihishia mkulima yuleyule namba ya simu. Nani ashinde? CouchDB kwa kawaida yake inampa ushindi aliye hai, toleo lisilofutwa linalishinda lililofutwa. Git ikikuta mmoja kafuta faili na mwenzie kalibadilisha inasimama, inakwambia kuna mgongano, amueni wenyewe. Mimi niko upande wa Git. Kama kuna pesa ndani yake sitaki mashine iniamulie nani yuko hai.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, na hapa naomba mnisikilize hata wale wa kule nyuma mlioanza kuangalia simu.

Niliwahi kufanya kazi ya muda kwa watu wa mikopo ya kwenye simu. Siwataji. Apu yao ilikuwa inachukua orodha ya majina yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, mnazijua apu za namna hiyo. Dada mmoja muuza vitenge akamaliza deni lake, akapiga simu huduma kwa wateja, akasema sitaki tena, nifutieni kila kitu changu na majina ya watu wangu. Akajibiwa vizuri sana, akatumiwa na meseji, "Taarifa zako zimefutwa." Kilichofanyika ni nini? Kilichofanyika ni alama. Tebo ya juu ikawekwa alama ya kufutwa, tebo ya historia ikabaki na matoleo yake yote kumi na kitu, majina yote, namba zote, mpaka namba ya mchungaji wake. Miezi sita baadaye watu wa masoko wakavuta namba za matangazo, wakavuta kutoka kwenye historia kwa sababu huko ndiko kwenye namba nyingi. Mchungaji akapata meseji ya kukaribishwa mkopo, jina la yule dada limetajwa kama aliyempendekeza.

Nani alimdanganya yule dada? Databesi? Databesi ilifanya kazi yake vizuri kabisa, ilitunza historia kama ilivyoagizwa. Tuliomdanganya ni sisi tulioandika ile meseji. Yeye aliposema futa alimaanisha choma moto. Sisi tuliposema tumefuta tulimaanisha tumepiga mstari mwekundu.

Mnaona tatizo lilipo? Tuna neno moja kwa kazi tatu. Kuna kuondoa, kwamba kitu kilikuwepo na sasa hakipo, historia yake inasomeka na kila mtu, hiyo ni nyumba iliyobomolewa, ni hisa za mama. Kuna kuficha, kwamba toleo fulani la nyuma halitakiwi kuonekana na watu, lakini pengo lake libaki lijulikane. Na kuna kuteketeza, kwamba hicho kitu kisiwepo popote, wala kwenye matoleo, wala kwenye nakala, wala kwenye bakapu, na asiwepo mtu duniani wa kukirudisha hata akitaka. Ukiyachanganya haya matatu chini ya kitufe kimoja kilichoandikwa "Futa" utaumia tu, ni suala la lini.

Kuficha wengi hatukufahamu kwa hiyo nitoe mfano mmoja. OpenStreetMap hao hao mwaka 2012 walibadilisha leseni ya data. Michango ya waliokataa masharti mapya isingeweza kuendelea kutolewa kwa umma. Sasa utafanyaje na ramani iliyochorwa matoleo juu ya matoleo, toleo la 2 la aliyekataa, la 1 na la 3 la waliokubali? Walitengeneza roboti ikapita, ikaweka kilichostahili kubaki juu, na matoleo ya nyuma yenye shida yakafunikwa. Namba hazikusogezwa. Ukiangalia historia unaona 1, halafu unaambiwa hili la 2 limefunikwa, halafu 3. Pengo linaonekana. Ingekuwa mimi kipindi kile ningejaribiwa kupanga namba upya ili ipendeze, na ningevuruga kila kitu kilichokuwa kinataja toleo la 3.

Kuteketeza sasa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya walitutangulia na yao ya 2019. Ulaya ibara ya 17 ya sheria yao, inatumika tangu Mei 2018, inampa mtu haki ya kutaka afutwe. Kwa hiyo ile hoja ya "databesi yetu haifutiki, ndiyo ubora wake" iacheni nyumbani. Hakimu hatajali ubora wake. Waliotengeneza Datomic, databesi ambayo falsafa yake nzima ni kwamba ukweli wa jana hauguswi, waliweka amri mbili, moja ya kutangua ambayo historia inabaki, nyingine ya kukata kabisa kipande kutoka kwenye historia, na ile ya pili wameitenga ujue unashika kisu. Databesi ya MariaDB nayo kwenye tebo zenye matoleo, DELETE ya kawaida haigusi historia, kuna amri nyingine ya kufuta historia na ina ruhusa yake peke yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Developa wa kawaida awe na mstari mwekundu, kiberiti kiwe kwa watu wawili na kila mmoja asaini, kama mama na katibu wake.

Na bakapu je? Huwezi kufungua bakapu za miaka mitatu umtafute dada wa vitenge mmoja mmoja. Njia ninayoiamini ni ya ufunguo. Kila mtu taarifa zake binafsi unazisimba kwa ufunguo wake peke yake, funguo unazitunza mbali, kwenye chombo kingine. Matoleo yote, nakala zote, bakapu zote zina maandishi yaliyosimbwa tu. Akisema niteketezeni, unateketeza ufunguo. Ni kama umefunga sanduku halafu ukaenda kuutupa ufunguo katikati ya maji pale kivuko cha Kigamboni, sanduku mnaweza kuendelea kulihamisha nyumba hadi nyumba, halifunguki. Miamala inabaki, jumla zinabaki, vitabu vya hesabu vinafunga sawasawa, aliyetoweka ni mtu.

Ila msikimbie bado, ina mitego. Kama funguo nazo unaziwekea bakapu ya miaka mitatu, hujateketeza kitu, umejichekesha. Bakapu za funguo ziishi siku chache na useme ni siku ngapi. Mtego wa pili, kuna watu wanaona uvivu wanachukua namba ya simu wanaipitisha kwenye hashi, ile hesabu inayoigeuza kuwa herufi na tarakimu zisizosomeka, wanasema haitambuliki tena. Jamani! Namba zetu baada ya 255 ni tarakimu 9, na mwanzo wake tunaujua kwa mitandao yote. Laptopu hiyo uliyonayo inazijaribu zote kabla chai haijapoa. Na mtego wa tatu, hizi laini zikikaa bila kutumika mtandao unaigawa namba kwa mtu mwingine. Kama umetumia namba ya simu kuwa ndiyo utambulisho wa mtu, siku mwenye laini mpya akijisajili, mfumo wako unamfufua marehemu na kumsalimia mgeni kwa jina lake, "Karibu tena", na madeni yake ya zamani chini. Nimeiona hiyo kwa macho yangu, kwenye simu yangu mimi, siku nilipoweka laini mpya. Namjua huyo mama jina, mtaa na kiasi alichokopa, na sijawahi kuonana naye.

Mwezi uliopita kwenye mfumo tunaoujenga sasa nimekitoa kitufe cha "Futa" kabisa. Kuna "Ondoa", kila mtumiaji anacho, na hakibonyezeki mpaka uandike sababu. Kuna "Ficha toleo", anacho msimamizi. "Teketeza" haina kitufe, ina fomu, inasainiwa na wawili, na ikishafanyika inabaki kumbukumbu ya mstari mmoja, kwamba tarehe fulani ombi namba fulani limetekelezwa, bila jina, bila namba, maana ukiandika "tumemteketeza fulani bin fulani" umemrudisha kwa mlango wa nyuma. Wiki ya kwanza watu waliandika sababu "aaa" na "nukta". Wiki ya tatu mmoja kaandika, "mteja amesajiliwa mara mbili, la utani na la kitambulisho". Niliisoma mara mbili ile.

Maswali sasa. Dada wa kule nyuma mwenye kitenge cha kijani, mkono wako nimeuona tangu kwenye bakapu, anza wewe.